Mwaka Damu Ilipoitwa Baraka

Wiki iliyopita tulimzika Mwinjilisti Yeremia pale Makambako, na nilikula wali wake bila haya. Kwetu mtu haachi msiba, hata wa yule ambaye ukimkumbuka chakula kinabadilika ladha mdomoni. Nilikaa chini ya turubai na wazee wenzangu wachache tuliobaki, kila mmoja kajifunga blanketi kwa sababu ya upepo, tukamsikiliza kijana mwenye suti ya kubana akisoma historia ya marehemu kwenye kipaza sauti. Alisoma kwamba marehemu alijaliwa karama ya kuwaombea kina mama waliokosa uzazi, na kwamba tangu ujana wake alisoma ishara za Mungu pale ambapo wengine hawakuona kitu. Watu wakasema amina. Mimi nilikuwa na mfupa wa ng'ombe mdomoni, nikautafuna kuliko ulivyostahili. Msichana aliyekaa karibu yangu, mmoja wa vitukuu vyake nadhani, akaniamkia kwa adabu, akaniuliza kama nilimfahamu babu yao. Nikamwambia nilimfahamu kabla hajaota kitambi. Akacheka, akadhani bibi ni mcheshi, akaniongezea mchuzi.

Karama ya kusoma ishara. Nimekuwa mkunga maisha yangu yote ya kazi, nimeona wajinga wa kila aina, wenye vyeti na wasio na vyeti, lakini sijaona mjinga wa hatari kama yule ambaye ujinga wake una mistari ya Maandiko. Basi wamalize wao kumsifu. Mimi nitasema mwaka mmoja tu, ule nilioishi kwa Mama Mkubwa Yunisi mjini Njombe, wakati bendera ya Mwingereza bado inapepea bomani na mimi nasoma shule ya kati ya wasichana.

Nyumba ya Mama Mkubwa ilikuwa mtaa wa juu, karibu na mashamba ya miti ya miwati, vyumba vitatu vya matofali mabichi na jiko la kujitegemea nyuma. Sebuleni palikuwa na meza aliyoichonga mumewe, Baba Mkubwa Obadia, fundi seremala na mzee wa kanisa, pamoja na kalenda ya misheni ya mwaka uliokwisha pita, ambayo hakuna aliyethubutu kuishusha kwa sababu ilikuwa na picha ya Yesu. Kilichokuwa na uhai kilikuwa jiko. Humo ndimo tulimokaa, miguu karibu na mafiga, tukila viazi vya kuchemsha na maganda yake, au ugali na majani ya maboga, huku ukungu ukiwa umeziba mlango mpaka saa nne asubuhi. Mama Mkubwa alikuwa mnene, mnene wa kweli, wa kukaa kwenye kigoda, kigoda kikalia. Alikuwa na kiu isiyokatika; kibuyu cha maji hakikumwacha, na safari zake za chooni zilikuwa utani wa nyumba nzima. Na hakuzaa. Majirani walimpenda, walimkopa chumvi, walimwita mama wa wote kwa ile huruma yao ya kukera, kisha akigeuka wanasema, maskini, mwili wote ule na hakuna kitu. Baba Mkubwa hakusema hivyo. Yeye alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi kati ya hayo machache alilalamikia chumvi.

Asubuhi moja, mvua za kwanza zikiwa zimeanza na sisi tunachagua viazi vya mbegu, aliniita chumbani kwake. Aliketi ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, akiangalia ukutani. "Damari, vile vitambaa vyako vya mwezi unaviweka wapi?" Nilidhani nimeacha kitu mahali pabaya, nikaanza kuomba radhi. "Sikugombezi. Nataka unipe viwili." Mimi nilikuwa msichana, lakini sikuwa mpumbavu; nilijua Mama Mkubwa alikuwa amekoma zamani, kabla mimi sijaanza darasa la kwanza. Aliona ninavyomtazama. "Imerudi," akasema. "Wala haiumi." Akasema hivyo kwa utulivu, kama mtu anayejipa moyo, na mimi pia nikatulia kwa sababu haikuuma.

Haiumi. Neno hilo nimelisikia kwa wanawake wengi hata sijui niwaweke wapi. Ingekuwa inauma wangekimbia. Mwanamke aliyekoma, akakaa mwaka mzima mkavu, kisha akaona damu, iwe tone moja, iwe maji ya rangi ya chai tu kwenye nguo, hajabarikiwa wala hajalaaniwa. Ana jambo la kupimwa. Mara nyingi huwa ni kitu kidogo na anarudi nyumbani akicheka. Lakini hakuna macho ya mtu yanayoweza kujua kidogo na kikubwa kwa kukaa sebuleni, hata yawe macho ya mtumishi wa Mungu.

Utaratibu wa nyumba zile ulikuwa huu: mwili wa mke ni habari ya mume, na habari ya mume ambaye ni mzee wa kanisa ni habari ya kanisa. Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikaa mkunga aliyewatoa tumboni nusu ya watu wa mtaa. Hakuulizwa. Jioni ileile Mwinjilisti Yeremia alikuwa sebuleni, kakunja nne, kijana mwenye mstari wa nywele uliochongwa na viatu vilivyolia kila alipohama kiti, na mimi nikiwa nimeshika birika namimina chai.

"Mzee Obadia, Sara mke wa Ibrahimu alikuwa kijana?"

"Alikuwa mzee."

"Alikuwa amezaa?"

"Hakuzaa."

"Alikuwa amekwisha koma mambo ya kike?"

"Alikuwa amekwisha koma."

"Na mama huyu?" Yeremia akanyoosha kidole kuelekea chumbani, alikokuwa Mama Mkubwa nyuma ya pazia. Baba Mkubwa akatazama pazia. Midomo ilikuwa inamcheza. "Mlango uliofungwa umefunguliwa, Mzee. Tafuta jina la mtoto." Na Baba Mkubwa, mtu ambaye sikuwahi kumwona akilia hata alipojikata kwa tezo, akaweka kikombe chini akalia. Sikumdharau kwa machozi yale. Nilimdharau yule mwingine, aliyekuwa anamtazama akilia na uso wake unasema, mimi ndiye niliyefanya.

Wanapenda kusema mficha maradhi kifo humuumbua. Mama Mkubwa hakuficha. Alitangaziwa madhabahuni. Jumapili iliyofuata Yeremia alimsimamisha mbele ya watu, mwanamke wa watu amefunga kilemba kipya, akahubiri juu ya Sara mpaka wenye njaa wakaanza kukohoa. Mama Mkubwa akacheka kwa aibu, na kucheka kule nako kukahesabiwa ushahidi, maana Sara naye alicheka. Vigelegele vikapigwa. Kuanzia siku hiyo jiko letu halikuwa letu. Walikuja wanawake wa kwaya na mayai, na togwa, na ushauri. Asinyanyue ndoo, asipige jembe, asile hiki. Aliyekuja kila siku ya Mungu alikuwa Mama Yeremia, mama mzazi wa mwinjilisti, mjane mwenye mwili kama wa Mama Mkubwa na sauti ya kuita mbuzi kutoka ng'ambo ya bonde. Alileta uji wa ulezi kwenye sufuria lililofunikwa kwa kitambaa. "Kamwene," alisema kila alipofika mlangoni, tukiitikia kamwene, kisha alikaa na kusimamia kila kijiko kinavyoingia. Alikuwa na mtoto huyo mmoja tu, Yeremia, na alimzungumzia kama watu wengine wanavyozungumzia mkoa mzima.

Nami niseme alivyokuwa Mama Mkubwa miezi ile, kwa sababu hilo ndilo ambalo sijawasamehe. Alifurahi. Mwanamke aliyekuwa amekwisha maliza kulilia jambo lake, akakunja akaweka, wakamfungulia tena. Alianza kula udongo wa kichuguu kama wajawazito wanavyofanya. Aliimba akichambua maharage. Baba Mkubwa akawa anamsalimia asubuhi, kitu kipya kabisa katika ndoa ile, na siku moja akasifu chumvi. Usiku nilimsikia Mama Mkubwa akicheka peke yake chumbani, polepole. Na damu ilikuwa inakuja na kwenda, inakuja na kwenda, nami ndiye niliyefua vile vitambaa, naviona vinavyobadilika, mara damu, mara maji maji yenye rangi, kisha harufu.

Nilimwambia. Nilisema, "Mama Mkubwa, sista wa misheni huja na kliniki ya wajawazito. Kama ni mimba, twende akupime kama wengine." Nilikuwa na hofu, lakini niliificha ndani ya mimba ili ipite. Akakubali. Tukavaa. Tulipofika barazani tukakutana na Yeremia anakuja, viatu vinalia. Akauliza tunakwenda wapi, tukamwambia. "Zakaria alitaka uthibitisho," akasema, "akafungwa ulimi. Mama, unataka uthibitisho?" Mama Mkubwa akasimama pale na mwavuli wake. Kisha akarudi ndani akavua kilemba. Ndivyo alivyokuwa, Yeremia: mstari alikuwa nao kwa kila mlango uliokuwa wazi, ili aufunge.

Basi ikaendelea. Mgongo ukaanza kumuuma; wakasema mtoto wa kiume hukaa mgongoni. Akaanza kukonda, mashavu yakashuka. Wakasema mtoto anakula. Harufu ikaanza kusikika hata ukiwa mlangoni, na wanawake wakasema mimba ya uzeeni ina mambo yake, wakaanza kuleta mayai na kuyaacha kwenye kizingiti. Kila ishara walikuwa na jibu lake. Mtu asidhani hiyo ni hadithi ya kale. Mwaka huu tu mpwa wangu, mwalimu mwenye shahada, alikuwa anatokwa damu kila akitoka kulala na mumewe, na alikuwa ananunua kwenye simu vidonge vya kusafisha kizazi kutoka kwa mtu asiyemjua hata kwa jina. Nilimshika mkono nikampeleka mwenyewe kupimwa shingo ya kizazi. Aliniambia aliona aibu. Nikamwambia aibu yake ingemzika kwa heshima zote.

Siku moja nilikuwa kwenye kibanda cha viazi, ukuta mmoja na jiko, nikawasikia wanawake. Mama Mkubwa alikuwa amelala. Walikuwa wanamsema mjane mmoja wa Mahongole, mtu mzima mwenye wajukuu, ambaye mkwe wake alikuta nguo yenye damu chini ya godoro. Wazee wa kanisa la huko wakamwita. Akasema hajui imetoka wapi. Wakamtenga na Meza ya Bwana. "Mjane damu ya nini?" akauliza mmoja. "Si amekwenda kwa mwanamume akatoa mimba." Wakacheka. Nikahesabu vicheko kama mtu anavyohesabu kuku wakiingia bandani, na cha Mama Yeremia kikaja mwisho, kifupi, na baada yake akasema uji unaungua, hali uji ulikuwa umekwisha epuliwa. Nililisikia hilo, nikaliacha lipite. Nilichokishika wakati ule ni hesabu yao tu, yaani damu ya mwenye mume ni Sara na damu ya mjane ni zinaa. Mwili mmoja, umri mmoja, na tofauti yake ni kama kuna suruali imetundikwa nyuma ya mlango.

Wakati wa baridi, katikati ya ibada, Mama Mkubwa alisimama kuimba, na benchi nyuma yake likawa jekundu. Nilimfunga khanga yangu kiunoni tukatoka. Mchana uleule wazee wakaja nyumbani, na Yeremia mbele yao, mkali kama mtu aliyeibiwa. Maana muujiza ulikuwa wake, na sasa umemwaibisha. Walikaa sebuleni chini ya ile kalenda, nami nikabaki mlangoni kwa sababu hakuna aliyekumbuka kunifukuza.

"Mama Yunisi, umekunywa dawa gani?" akauliza Yeremia.

"Sijanywa dawa."

"Mungu akupe, wewe utoe?"

"Mwinjilisti, mimi nilitaka mtoto kuliko wewe ulivyotaka mahubiri."

Wazee wakainama. Baba Mkubwa, mzee mwenzao, alikuwa anaangalia meza yake kama anayetafuta kasoro ya randa. Wakakata shauri palepale kwamba ametoa mimba, hatakula Meza ya Bwana mpaka atubu mbele ya usharika. Mwanamke aliyekuwa amekonda hata pete imefungwa uzi isidondoke, anaambiwa atubu kwa kumuua mtoto ambaye hakuwahi kuwapo. Walipokwisha ondoka, wakisahau hata kunywa chai yao, Mama Mkubwa akaniita. Macho yake yalikuwa makavu. "Damari, funga mzigo. Wamenitoa kwenye baraka. Sasa naweza kwenda hospitali."

Tulipanda lori la miwati mpaka Makambako. Makambako ya siku zile ilikuwa njia panda tu na upepo wake, maduka machache, pampu ya mafuta, na hoteli ya chai ambayo mwenyewe alitutazama, akanusa, akatuambia tukae nje. Tukakaa nje. Mama Mkubwa alikula andazi nusu, akaniachia nusu, akasema, "Mwenye hoteli ni mkweli kuliko kwaya nzima." Akacheka, kile kicheko chake cha zamani, na mimi nikalia ndani ya kikombe. Mchana tukapata gari la kwenda hospitali ya misheni.

Daktari alikuwa mwanamke wa Kizungu, mrefu, Kiswahili chake kimenyooka kupita kiasi. Alimpima muda mrefu nyuma ya pazia, kisha akaketi mbele yake akauliza maswali. Amezaa wangapi? Hakuzaa. Damu ilikoma mapema au ilichelewa? Ilichelewa, wenzake wote walimtangulia. Alikuwa mnene hivi tangu lini? Alikuwa zaidi, huu ni mwili uliobaki. Ana kiu, anakojoa mara kwa mara? Hapo Mama Mkubwa alinitazama, na mimi nikajibu kwamba ndiyo, miaka. Daktari akaitikia kwa kichwa kila jibu. "Mama, ugonjwa huu una watu unaowatafuta. Wale wasiozaa. Wanene. Wenye sukari. Waliochelewa kukoma. Wewe ulitakiwa kuja tone la kwanza, kwa sababu wewe ulikuwa na alama zote." Karibu kila alama ya daktari ilikuwa ndiyo ileile aliyoitaja Yeremia madhabahuni. Uzee wake, tumbo lake lililokaa bure, mwili wake. Alichukua sababu zote za kumkimbiza hospitali akazifanya sababu za kumfungia ndani.

"Ningekuja tone la kwanza ungefanyaje?" akauliza Mama Mkubwa.

"Tungekitoa kizazi. Huenda ungekuwa shambani sasa."

"Na leo?"

Daktari akashika mkono wake. Alisema kansa imetoka kwenye kizazi, imeshika kibofu, imepanda. Angempa dawa ya maumivu. Kisha akauliza, kwa upole tu, kwamba damu ilipotoka mara ya kwanza nyumbani walifanya nini. "Waliimba," Mama Mkubwa akasema.

Tuliporudi Njombe watu wakaja kumpa pole, kwa sababu pole haina gharama. Sebule ikajaa, na waliokosa nafasi wakasimama barazani. Yeremia naye akaja, akasimama katikati, akafungua kinywa kuanza sala. Mama Mkubwa alikuwa amelazwa kwenye kitanda tulichokitoa chumbani. "Mwinjilisti, na ninyi baba zangu, tokeni nje kidogo. Nina mambo ya kike."

"Mimi ni mlezi wa kundi lote," akasema Yeremia.

"Basi lilee lililoko nje."

Mwanamke mmoja alikohoa kuficha kicheko. Baba Mkubwa ndiye aliyesimama wa kwanza, akamshika Yeremia kiwiko akamtoa, na hilo ndilo jambo la maana pekee nililomwona akifanya mwaka ule. Mlango ukafungwa. Mama Mkubwa akawatazama wanawake mmoja mmoja, hakupaza sauti, na alitumia maneno ambayo wanawake wa kwaya hutumia mtoni peke yao. Aliuliza nani amekoma akaona damu tena. Nani anatokwa damu akiachana na mumewe kitandani. Nani ananuka na ameambiwa ni umri. Nani tumbo linajaa kila siku na hajala kitu. "Mimi nilikuwa na muda," akasema. "Daktari ameniambia. Nilikuwa na muda, nikautumia kunywa uji wenu. Sitaki pole. Nataka mwenye kitu aseme, sasa hivi, mimi nikiwa bado nasikia."

Nje tulisikia viatu vya Yeremia vinakwenda na kurudi barazani. Kisha Mama Yeremia, yule mwenye sauti ya kuita mbuzi, akasema kwa sauti ndogo hata tukageuka kutafuta ni nani. "Mimi. Tangu mavuno."

"Tangu mavuno, nawe unaniletea uji?"

"Mimi ni mjane, Yunisi. Ningemsingizia nani?"

Hakuna aliyecheka. Mama Mkubwa akafumba macho kidogo, akayafumbua. "Unaumwa?"

"Hapana."

"Vizuri. Basi kesho, kabla hakujaanza kuuma, Damari atakupeleka. Na mwanao asiulizwe."

Nilimpeleka. Daktari yuleyule akampima, akampeleka hospitali kubwa zaidi, wakamfanyia upasuaji wakakitoa kizazi, na akarudi Njombe akitembea kwa miguu yake mwenyewe kutoka kituo cha basi. Jumapili iliyofuata mwanawe akasimama madhabahuni akashukuru kwa kuwa maombi yake juu ya mama yake yamejibiwa. Nilitoka kanisani nikakimbia nyumbani kumwambia Mama Mkubwa, namtukana Yeremia kwa Kiswahili na Kibena. Alikuwa amebaki mdogo chini ya blanketi. Akaningoja nimalize. "Mama yake alikaa au alisimama?" akauliza. Nikasema alisimama nyimbo zote. Akasema basi nimpe maji.

Alikufa mahindi yakiwa yametoka kuchipua. Mama Yeremia ndiye aliyemwosha, pamoja na mimi, na hakusema neno kwa muda wote huo, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Nje wazee walikuwa wamekaa. Desturi yetu ilikuwa kwamba Mkristo akifa, kengele ya kanisa hupigwa ili mji ujue, lakini aliyekufa akiwa chini ya adhabu huzikwa kimya, bila kengele, bila nyimbo, kama wanavyozikwa wasiobatizwa. Baba Mkubwa akauliza, kwa sauti ya mtu anayeomba asichodaiwa, kama kengele itapigwa. Yeremia akasema inamuuma hata yeye, lakini utaratibu ni utaratibu; marehemu hakutubu, hakurudishwa Mezani.

Mama Yeremia alisikia. Alikuwa ananawa mikono. Akaifuta kwenye khanga, akapita katikati ya wazee bila kuwaamkia, akashika njia ya kanisani. Tulidhani amekwenda kulia. Kidogo tukasikia kengele. Yeremia akakimbia, nami nikamfuata, na nyuma yangu nusu ya msiba. Tulimkuta amesimama chini ya mnara wa miti, kamba ya kengele mikononi, anavuta kwa mwili wote, mtu aliyekatazwa na daktari kunyanyua hata ndoo. Yeremia akamshika mkono. "Mama, acha. Huyu alikuwa chini ya adhabu."

"Niweke na mimi," akasema mama yake. "Damu yangu ilikuwa hiyohiyo." Akautoa mkono wake, akavuta tena kamba.